Jina Ambalo Kukhu Hakulitaja

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, na tayari nimeshajiona mama wa nyumba, mdogo wangu alizaliwa akaigomea dunia. Alilia akipakatwa, alilia akilazwa, na kila Mama alipomweka titini aligeuza uso kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza. Kliniki walimpima wakaona uzito unashuka. Wakamwonyesha Mama namna nyingine ya kumshika, wakasema mambo yakiendelea hivyo watamlaza hospitali. Mama alirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Umbilo, macho yamemvimba.

Kukhu, ndivyo sisi Waluhya tunavyomwita bibi, alikuwa amekuja Durban kutoka Kakamega kumsaidia Mama uzazi. Alimtazama mtoto kwa makini, akasema, "Huyu hana ugonjwa. Kuna mtu wa kwetu anataka jina."

Baba alikuwa mhadhiri wa hesabu na pia mzee wa kanisa, kwa hiyo jambo hilo alilikataa kwa pande zote mbili. "Mama, jina lipo tayari. Ni Neema," alisema, akiongea na pazia, maana kwetu mkwe hamkodolei macho mama mkwe wake. "Wafu wamelala. Hawawezi kuja mpaka Durban kutafuta watoto."

"Neema ni jina zuri," Kukhu akajibu kutoka upande wake wa pazia. "Basi muulize mwenyewe kama analitaka."

Hata Mama Odette, msusi Mkongomani wa ghorofa ya chini, alipanda ngazi kutoa maoni. "Bébé iko analia mpaka leo? Mumupatie jina ya mukubwa wenu moja, atanyamaza tu. Kwetu pia iko vile." Baba akatia pamba masikioni.

Jumamosi Baba alipokwenda kwenye kikao cha kanisa, Mama alikaa kitandani, akamsogeza mtoto titini, akasema, "Mama, anza." Desturi yenyewe ni rahisi. Mkubwa anawataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na mtoto akinyonya kwa jina fulani, hilo ndilo lake. Kukhu akaanza. Akamtaja Nafula, aliyekuwa na mdomo mrefu lakini mkarimu. Akamtaja Nekesa. Akahamia upande wa kina Baba, akawataja hata wale ambao, kwa sauti yake, nilijua hakuwapenda. Mtoto alilia tu, na sasa kilio kilikuwa chembamba, hakina nguvu tena.

"Wameisha," Kukhu akasema.

"Hawajaisha, Mama. Bado dada yangu."

Mimi sikujua kama Mama aliwahi kuwa na dada. Kukhu alishika ukingo wa kitanda. "Yule alikufa mtoto. Hakuacha mtu. Jina la namna hiyo halirithiwi. Unataka na huyu amfuate?"

"Huyu anaondoka hata sasa, Mama. Mwangalie mikono."

Kukhu aliiangalia. Kisha akainama na kusema, kwa sauti ndogo sana, "Gertruda." Akarudia, "Gertruda wangu." Mtoto alikohoa, akatafutatafuta, akashika titi, tukasikia akimeza. Niliogopa hata kupumua. Kukhu alilia pale pale, bila kujifuta.

Baba aliporudi, ukimya ulimtisha. Akakimbilia chumbani, akasahau adabu zote na kumwangalia mkwewe usoni kabisa, kisha akatoka kinyumenyume. Baba hakuwa mtu wa kuacha kitu bila kukichunguza. Mama alimsimulia yote, na kesho yake akatoka kanisani na maana ya jina, akaisema kwenye pazia. "Mama, ni jina la Wajerumani wa kale. Wameunganisha maneno mawili, mkuki na nguvu. Mabinti wao waliwapa majina ya vita. Baadaye likabebwa na watakatifu, mmoja wao mlezi wa wasafiri, likaenea duniani mpaka likafika kwa masista wa misheni."

"Eish, Baba," nikasema, "mkuki kwa bébé mdogo hivi?"

"Sista wa misheni yetu hakuniambia habari za mkuki," Kukhu akasema. "Lilikuwa jina lake mwenyewe. Nilipokuwa nikijifungua, yeye ndiye aliyenishika mkono, nami nikamwomba ampe mwanangu."

"Basi awe Gertruda Neema," Baba akasema, na mara hii hakumalizia na Biblia.

Siku hizi Truda anafanya kazi kiwandani kule Jacobs, ana mwili na kicheko cha kutosha watu wawili, na anaamini ile namna mpya ya kumshika waliyofundishwa kliniki ndiyo iliyofanya kazi. Huenda. Sibishani naye. Ila Mama aliniambia kwamba tangu dada yake azikwe, hakuna aliyethubutu kumtaja mbele ya Kukhu, na Kukhu mwenyewe hakuwahi kumtaja. Nikikumbuka siku zilizofuata ile Jumamosi, ndipo naelewa. Kukhu alizunguka fleti yetu kutwa nzima akilisema jina hilo hata pasipo na haja. Gertruda amelala. Nguo za Gertruda zimekauka. Nani amefungua dirisha, Gertruda atashikwa na baridi. Sisi tulidhani anamzoeza mtoto.