Msokoto wa Bawa la Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini Mwanza, Mkuu wa Karakana hakunipa hata spana. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipeleka chini ya ndege ndogo ya injini moja. "Shika ncha ya bawa, sukuma juu." Nikasukuma. Bawa likanesa, nami nikaachia upesi.

"Nimelivunja, mzee?"

"Lisiponesa ndipo uogope," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Mimi ni Mjita, mtoto wa wavuvi wa Mara. Nilitoka chuo cha ufundi nikijiona najua. Kumbe! Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba bawa si ubao. Limesokotwa kidogo tangu kiwandani: penye shina limeinuka mbele zaidi, kwenye ncha limeinama. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, shina huishiwa nguvu ya kubeba kwanza, ncha bado inashika hewa, na rubani anaweza kuisawazisha. Msokoto huo tuliurekebisha kwenye bolti ya nyuma, bawa linapoungana na kiwiliwili. Bolti hukaa ndani ya bushi, pete ya chuma yenye tundu lisilo katikati. Ukiizungusha pete hiyo kidogo tu, ukingo wa nyuma wa bawa unashuka au unapanda. Tulipima kwa pima maji, kama ya waashi wa Mkuyuni, ila ole wako uichezee. Na ilikuwepo sheria moja: aliyegusa bawa anapanda ndege siku ya jaribio, na aliyekagua anapanda naye.

Mwaka wangu wa nne, kitabu changu cha kazi kilibakiza sahihi moja ya Mkuu ili niombe leseni. Bila leseni wewe ni msaidizi tu, hata uote mvi. Niliitaka ile leseni jamani, mpaka nikawa naiota.

Basi rubani wetu akaja kulalamika. "Dada fundi, ndege inalalia kulia. Mkono unaniuma kwa kuishikilia."

Nikapima mabawa yote mawili. Yalikuwa sawa kabisa. Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza, ila mwenye haraka ya sahihi hajiulizi. Nikazungusha bushi ya bawa la kulia, Mkuu akatazama kazi yangu kwa kupitisha macho, tukapanda watatu. Juu ya ziwa rubani akaachia usukani, na ndege ikanyooka. Tulipotua, Mkuu akatia sahihi kitabu changu. Nilirudi Nyamagana siku ile nikitabasamu peke yangu kama chizi.

Asubuhi nikapanda juu kujaza mafuta. Tangi la kushoto lilikuwa karibu tupu, la kulia limejaa vilevile. Nikashuka kuchungulia chini ya bawa: bomba dogo la kupitishia hewa nyigu walikuwa wamelijengea, limezibwa kabisa kwa udongo. Tangi lisilovuta hewa halimwagi mafuta. Ndege ililalia kulia kwa uzito wa mafuta, nami nilikuwa nimelipinda bawa lisilo na kosa. Matangi yakiwa sawa ingelalia kushoto, na baada ya saa moja daktari alitakiwa kwenda nayo visiwani.

Aliyejua ni mimi peke yangu. Ningeweza kuzibua bomba kwa waya, nikanyamaza, nikamwomba Mungu. Lakini nikaenda kwa Mkuu.

"Mzee, nimekosea."

Alisikiliza, akaja akaona. "Ndege haiondoki," akamwambia rubani. Kisha akafungua kitabu changu, akaipiga mstari sahihi yake. "Utangoja mwaka mmoja."

"Mzee, si nimesema mwenyewe?"

"Ndiyo maana ni mwaka, si milele."

Nilichukia! Mwaka mzima shikamoo yangu ilikuwa ya mdomoni tu. Leseni nikaipata, wakanipeleka Musoma, kisha Bukoba, nikarudi Mwanza mkaguzi mwenye muhuri wangu, hadi nikastaafu.

Sasa vijana wa karakana wananionyesha kwenye simu mabawa mapya yanayojisokota yenyewe hewani, laini kama ya ndege wa porini, kompyuta inayapinda ili ndege itumie mafuta kidogo. Nayapenda, siwadanganyi. Ila nawaambia, bawa la namna hiyo litaunyoosha mwendo huku kosa limelala mahali pengine, kama nilivyofanya mimi. Wananicheka: "Mama, kompyuta ikijua yote, sahihi ya mtu ya nini?"

Jibu nililipata nilipokwenda kumzika Mkuu, kwake Kisesa. Mjane wake alinishika mkono. "Wewe ndiye binti wa lile bawa? Jioni ile alikuja akaandika barua kujishtaki, kwamba ametia sahihi bila kukagua. Alikuwa apewe ukaguzi wa kanda nzima. Wakampa mwingine."

"Mbona hakuniambia, mama?"

"Alisema ukijua, siku nyingine utaogopa kusema."

Nililia pale mkekani mpaka wanawake wa Kisesa wakaulizana kama mimi ni mwanawe. Nikawaambia ndiyo.