Betta dume na jike tanki moja: mimi nilitoa kioo, na najua nani anatakiwa kuhama

Wakuu, habari za humu ndani. Walionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama mmebaki wengi.

Juzi kijana mmoja ameuliza hapa kama anaweza kufuga samaki aina ya betta, dume na jike, kwenye tanki moja. Wengi mmemjibu, "Watazoeana tu mkuu, wape muda."

Hilo neno "watazoeana" limenikera mpaka nimemwomba mjukuu anifungulie account.

Nalijua neno hilo. Nililisikia Basotu, enzi za mashamba ya ngano ya serikali, na aliyekuwa akiambiwa hakuwa samaki. Ninayoandika yalitokea sebuleni kwangu. Atakayeona ni chai apite zake, simlazimishi mtu kunywa.

Mimi nilikuwa karani wa stoo ya spea. Mume wangu, Baba Regina, alikuwa dereva wa kombaini. Sisi ni watu wa Mbulu, kazi ndiyo ilitushusha huko. Tulipewa nyumba ya shamba, ya bati, yenye umeme wa jenereta, na tukajiona tumefika.

Fundi mmoja wa kigeni mkataba wake ulipoisha aliniachia tanki lake la kioo. Ndani kulikuwa na betta wawili, dume mwekundu mwenye mapezi marefu kama kitenge kimelowa, na jike mdogo wa rangi ya chai ya maziwa. Katikati yao kuna kipande cha kioo cha kuchomoa. Juu kuna balbu ya kuwapa joto, maana baridi ya kule asubuhi haina utani.

Aliniambia, "Never together," akanitikisia kidole. Nilimwelewa, wasiwekwe pamoja kamwe. Ila sababu hakunipa, nikajitungia mwenyewe kwamba hataki wazaane wakajaa.

Chakula chao kilikuwa viluwiluwi vya mbu. Nilikuwa nachota kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, bure kabisa. Kijana uliyeuliza, hiyo ishike.

Akina mama wa Kibarabaig waliokuwa wanatuletea maziwa walikuja kuchungulia wakicheka. Wao samaki hawali, sasa wanaona mtu mzima amemwekea samaki taa sebuleni!

Basi, mdogo wangu Paskalina akaja.

Alikuwa ameolewa Gendabi kwenye familia ya wafugaji wa Kibarabaig. Alitembea kutoka huko mpaka kwangu, mkono mmoja ameufunga na khanga. Sikuuliza. Niliuona ule mkono na sikuuliza, na hilo sijajisamehe mpaka leo.

Tena nitasema yote, maana nimeamua kusema ukweli. Mimi nilitaka arudi. Nilikuwa mtu wa kanisani, kiongozi wa akina mama, naona aibu mdogo wangu kukimbia ndoa. Kila siku namwimbia wimbo ule ule. Vumilia, mtazoeana. Baba Regina naye anaitikia.

Wiki ya tatu tukapata ujumbe kwamba Jumapili wakwe wanakuja kumchukua.

Sasa yule dume kila akimwona jike kupitia kile kioo alikuwa anatanua mashavu, anasimamisha mapezi yote, anatetemeka. Nyumba nzima tulisema anajipamba kwa mke wake. Mimi nikaona hapo hapo pana somo.

Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda kazini nikamwita Paskalina.

"Unaona? Hata hawa wanatamaniana. Mume na mke hawatenganishwi na kioo."

Akamwangalia yule dume kwa muda.

"Dada, usitoe hicho kioo. Huyo hatamani. Huyo anatisha."

"Umejuaje?"

"Najua."

Nikachomoa kioo. Mimi. Kwa mkono wangu huu ninaochapia.

Nilirudi saa saba mchana. Jike alikuwa amejibana kwenye kona nyuma ya majani, pezi la mkia limebaki kipande. Magamba ya ubavuni yamebanduka. Akitoa kichwa tu, dume anafika. Wala hakuwa ametulia, alikuwa anazunguka tanki zima kama mtu anayelinda shamba.

Paskalina alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya tanki, kijiko mkononi. Toka asubuhi alikuwa anamsukuma yule dume kwa kijiko asimfikie mwenzake. Kurudisha kioo aliogopa, asije akawabana.

Wakuu, nilikaa chini sakafuni nikalia. Ndipo nikamwomba anionyeshe mkono, akaniambia ni mumewe.

Nikamtoa jike nikamweka kwenye chupa ya jamu, maji safi na chumvi kidogo. Nikafikiri nimemaliza.

Jumapili wakafika. Mume mtu, wazee wawili, na shangazi yake, bibi mrefu mwenye bangili za shaba mpaka kwenye viwiko. Wameleta asali, kama ilivyo desturi ya kumfuata mke. Tukaamkiana vizuri. Wazee wakaongea kwa upole mno, kwamba nyumba zote zina kelele, na watoto hawa watazoeana.

Baba Regina akajibu, "Sisi hatuna neno. Ataondoka nanyi leo."

Nikasimama. Karani wa stoo, mbele ya wakwe na mume wangu, nikasema, "Haondoki."

"Mama Regina, kaa chini."

"Sikai. Na haondoki."

Nikaenda kuleta ile chupa ya jamu, nikaiweka mezani kando ya asali yao. Sikuwa na hotuba. Nikasema tu kwamba huyu nilimwambia atazoea, tena alikaa na dume nusu siku tu, sio miaka miwili kama Paskalina.

Baba Regina akacheka kwa aibu. "Jamani, samaki ni samaki."

Yule bibi akaiinua chupa, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mtu ambaye hata harufu ya samaki haitaki.

"Nani amemfanya hivi?"

Nikamwonyesha dume kwenye tanki, anajitanua peke yake.

Bibi akawageukia wazee. "Ninyi mna ng'ombe. Dume akiwa na tabia ya kuchoma wenzake pembe, mnafanyaje?"

Mzee mmoja akajibu, "Tunamtoa zizini."

"Mnamtoa nani?"

"Huyo dume."

"Sasa mbona hapa aliyetolewa ni jike? Huyu mmemtia kwenye chupa, na yule wa kwetu amekimbilia kwa dada yake kulala sakafuni. Dume amebaki na nyumba."

Hilo lilinichoma na mimi, maana ile chupa niliijaza mimi.

Kisha bibi akamwambia Paskalina afungue khanga. Akaushika ule mkono, akaugeuza taratibu. Akamwambia mtoto wa kaka yake kwamba wanawake watakaa.

Kwa wasiojua, Wabarabaig wana baraza la wanawake. Mwanaume akimkosea mwanamke wanakaa wenyewe, wanaume hawasogei, na wakisema alipe ng'ombe dume, analipa. Mume wa Paskalina aliposikia "watakaa" uso ulimshuka kuliko kama angepelekwa polisi. Walikaa, na alilipa.

Paskalina hakurudi Gendabi. Alipata kazi kwenye kantini ya shamba, akaoka mikate iliyosifiwa mpaka Hirbadaw. Maneno tulisemwa, kanisani uongozi nikavuliwa. Waliutaka, nikawapa. Baba Regina alininunia msimu mzima wa kuvuna, kisha akaanza mwenyewe kula ile mikate.

Na samaki? Jioni ile ile nilimchota dume nikamtia yeye kwenye chupa. Chupa kubwa, namtunza, namlisha, simtesi. Jike nikamrudisha kwenye tanki zima peke yake. Pezi lilirudi, halikuwa zuri kama la kwanza, lakini aliogelea kona zote nne.

Kijana, jibu lako ni hilo. Usiwaweke pamoja. Na ukishakosea kama mimi, usikimbilie kumhamisha aliyeumia. Hamisha mwenye meno.

Najua mtakuja kusema bibi huyu kaleta siasa za ndoa kwenye jukwaa la mifugo. Njooni tu, ngozi yangu imeshakomaa.

Paskalina yuko hapa pembeni ananisomea comments zenu za juzi, miwani yangu haifai tena. Wote mlioandika "watazoeana", tunawasubiri na swali letu moja. Kati ya wale wawili, ni nani alitakiwa kuzoea, na azoee nini?