Viroboto wa Panya Aliyepoa

Leo nimenyunyiza mafuta ya taa kwenye kona za ghala la mahindi, na harufu yake imenirudisha kwenye migomba ya nyanya yetu.

Dada yangu mdogo alikuwa ameokota panya wa shambani chini ya majani makavu, akamfunga mgongoni kwa kitambaa.

"Mtoto wangu amelala," alisema. "Usipige kelele."

Nilimgusa panya kwa kidole. Alikuwa amekufa, lakini bado alikuwa na joto. Nyanya alituonya mara nyingi kwamba panya akipoa, viroboto wake humhama kutafuta mwili wenye joto. Nilitaka kuona kama ni kweli, kwa hiyo nilinyamaza, nikachuchumaa nyuma ya dada.

"Unafanya nini huko nyuma?"

"Namchunga mtoto wako."

Panya alipopoa, viroboto walitoka mmoja mmoja kwenye manyoya, wekundu kama punje za wimbi, wakapanda shingoni mwa dada. Nilihesabu kumi na mmoja.

Nyanya alipotukuta, alimvua dada nguo zote, akampaka mafuta ya taa kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Kisha akanigeukia.

"Na wewe umekuwa hapa tangu saa ngapi?"

"Nimefika sasa hivi."

Homa ilimshika dada siku ya nne, na kabla wiki haijaisha tulimzika karibu na migomba ile. Vitabu nilivyosoma tangu hapo vinasema huenda ni viroboto, huenda si wao.

Nyanya hakuniuliza tena. Ila hakuwahi kuniachia mtoto mwingine nimchunge.