Ubao wa Kuvumilia Joto

"Huu ni ubao au ni biskuti iliyoungua?" mke wa fundi aliuliza, akiusukuma kwa ncha ya kidole kama anayesukuma mende aliyekufa. "Wa kwanza uliungua. Wa pili ukaungua. Sasa umetuletea wa tatu, tena mtumba. Baba Pacha, wewe ni fundi kompyuta au mchoma mkaa?"

Fundi aliendelea kuupangusa ubao vumbi. Mtaani walimwita Kobe, kwa jinsi maneno yalivyokuwa mazito kumtoka. Ukimsalimia asubuhi ukienda sokoni, jibu lako unalikuta unaporudi na mboga. Na alikuwa mpole, hata mbu walimuuma kwa zamu, wakimaliza wanamtakia usiku mwema.

Kompyuta ya nyumbani ilikuwa juu ya meza ya kulia, matumbo yote nje. Kando yake zililala mazabodi mbili alizopewa na muuzaji achague moja, yaani ule ubao mpana unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta. Ukifa huo, vingine vyote vinabaki vyuma tu. Ubao mmoja ulikuwa mpya, mwekundu, una vitaa vingi kama gari la bwana harusi. Mwingine ulikuwa wa kijani kilichofifia, umetolewa kwenye kompyuta ya ofisi fulani iliyofunga shughuli zake.

"Si uchukue huu mwekundu?" alisema mkewe. "Angalau una sura."

"Sura ndiyo unayoilipia. Huu wa ofisini umefanya kazi mchana kutwa, miaka, wala hakuna aliyewahi kuusifu. Hizi kapasita zake, hivi vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, ni ngumu, hazina maji ya kuchemka ndani. Na bati la kupoozea ni nene. Bei yake tunaimudu, na unatulia."

"Hata zile mbili zilizoungua ulisema zinatulia."

"Nilisema."

"Basi ulidanganywa, au unatudanganya sisi. Watoto wana mitihani, kazi zao wanafanyia kwenye kompyuta ya jirani. Juzi wamerudi wananiuliza, mama, kwani baba ni fundi kweli?"

Hilo lilimwingia. Kompyuta za mtaa mzima zilipita mikononi mwake zikapona. Ya kinyozi ilitumbukia kisimani, ikakaa humo na vyura hadi vyura wakaanza kujua hesabu, na bado aliitoa akaiwasha. Ya nyumbani kwake tu ndiyo ilimshinda, na sababu aliijua.

Aliijua tangu mchana ule aliporudi kuchukua bisibisi aliyoisahau. Mlango wa sebule ulikuwa umerudishiwa nusu. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa peke yake. Aliiwasha kompyuta, maana kitufe cha kuwashia ndicho pekee alichokijua, kisha akalitandika juu yake koti la marehemu mumewe, likaziba kila tundu la kupumulia.

Marehemu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala. Koti lake lilikuwa la sufu, zito kiasi kwamba msumari uliolitundika ulijing'oa ukutani ukaenda kutafuta kazi nyepesi. Maisha yao yote ya ndoa, mzee aliporudi alfajiri alilivua koti likiwa bado na joto lake, akamfunika mkewe kitandani, kisha akajilaza kando yake na kukoroma.

Sasa Bibi alikuwa ameinama, shavu amelilaza juu ya koti. Lilikuwa limepata moto. Chini yake feni ya kompyuta ilihangaika kutafuta hewa, na katika kuhangaika huko ilikoroma. Bibi amefumba macho, mkono wake unapapasa bega la koti, polepole. Fundi alivua viatu, akarudi kinyumenyume hadi barabarani, akaenda kazini bila bisibisi.

Kuanzia hapo alitafuta ubao. Mkewe alidhani anatafuta rahisi. Yeye alitafuta unaoweza kuvishwa koti la mlinzi usife. Aliwauliza wauzaji kuhusu joto mpaka wakamchoka, na mmoja akamshauri anunue jiko. Na kila alipoifungua mashine, alikuta kapasita zimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta, na nyuzi za sufu zimejisokota kwenye feni. Nyuzi hizo alizitoa moja moja kabla mkewe hajaziona.

"Kesho naipeleka kwa fundi mwingine," mkewe alisema. "Aifungue, atuambie kinachoiunguza."

"Usiipeleke."

"Kwa nini? Unaogopa nini?"

"Ataona sufu. Akishaona atasema, na mtaa mzima utamcheka mama yako."

"Mama yangu kaingiaje hapa?"

Basi akamweleza. Alieleza taratibu, macho yake yakiwa kwenye ubao, na hakuruka hata lile la shavu. Mkewe alivuta kiti akakaa.

"Linanukia bado?" aliuliza mwishowe. "Lile koti."

"Sikulinusa, Mama Pacha. Mimi mkwe."

Mkewe alicheka, na machozi yakamtoka. Alijifuta uso kwa pindo la kitenge.

"Nitakuwa nalipiga pasi. Kila siku nimpe likiwa la moto."

"Mchana uko dukani kwako. Halafu pasi haikoromi."

"Na sisi tulikuwa tunasema mama amesahau upesi. Hata siku ya arobaini ya baba hatukumwona akilia." Aliushika ule ubao wa kijani kwa mikono miwili. "Huu utavumilia?"

"Utavumilia kuliko zile. Lakini mwisho utakufa nao. Hakuna anayetengeneza ubao wa kufunikwa."

"Watoto watamaliza mitihani?"

"Pengine. Pengine usifike."

"Basi lazima aambiwe."

"Aambiwe nini? Mama, mwondoe baba hapo, watoto wasome?"

"Usinisemee hivyo, Baba Pacha."

"Nakuuliza. Mimi nimeyatafuta hayo maneno siku zote hizi, sijayapata. Wewe mwanawe labda unayo."

"Nitakaa naye mimi, kesho, tukiwa wawili. Nitamwambia baba ameshapumzika, na hii mashine ni ya..."

Mlango wa chumba cha ndani ulilia. Bibi alitoka akiwa pekupeku, koti amelibeba kifuani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Aliitazama kompyuta iliyofumuliwa mezani, akawatazama wao.

"Bado haijawaka?" aliuliza.

Binti yake alimkabidhi mumewe ule ubao wa kijani, akamsogezea na bisibisi.