Jaribio la Saba

Robi wa Kigera hakuwa mtu wa kushindana na katekista. Alikuwa fundi kompyuta. Kazi aliianzia Bunda, kwenye kibanda cha kupiga chapa karibu na stendi, akaja nayo Musoma ikiwa kichwani tu, maana cheti hakuwa nacho. Ila ile skrini kubwa ya kigangoni, inayoonyesha maneno ya nyimbo, ni yeye aliyeifunga ukutani, na Jumapili tatu mfululizo ilikuwa imemwaibisha.

Kompyuta ya kigango ilitumia programu huria, zile wanazotengeneza watu wa nchi mbalimbali kwa pamoja na kumwachia yeyote azitumie. Robi aliweka toleo jipya kwa sababu lile la zamani lilikuwa linanyamazisha spika. Spika zikapona, skrini ikaanza kugoma. Unawasha, giza. Unachomoa waya na kuchomeka tena, giza. Mara ya tatu ndiyo inakubali, wakati nusu ya waumini wameshafika ubeti wa mwisho.

"Vitabu havizimagi," alisema katekista Baltazar kila mara, akikipapasa kitabu chake cha nyimbo kama anayembembeleza mtoto.

Halmashauri ya kigango ikaamua: skrini ikizima mbele ya wageni wa jubilei ya kigango, inashushwa, ikakae stoo na viti vibovu.

Robi akawaandikia watengenezaji kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Wakamjibu kwa adabu. Kosa litakuwa kwenye draiva, ile programu inayoongea na skrini kwa niaba ya kompyuta. Lakini kati ya toleo zuri na bovu kulikuwa na mabadiliko elfu moja. Ayagawe katikati, ajaribu, aone ubovu uko nusu ipi, kisha aigawe nusu hiyo tena. Majaribio kumi yangetosha.

Robi alicheka peke yake. Kwao Butiama baba yake alikuwaga na ng'ombe arobaini, na mmoja alijua kufungua geti la zizi. Mzee hakukesha kulinda. Alipeleka nusu ya kundi zizi la shemeji yake, asubuhi akaangalia geti la nani liko wazi. Akagawa tena, na tena, mpaka mwizi akapatikana: mtamba mmoja mpole ambaye kila mtu alikuwa anamsifu.

Basi kila mchana Robi aliweka toleo la kujaribu dukani kwake, na jioni akaipakata kompyuta kwenye bodaboda akaenda kigangoni, kwa kuwa skrini ilikuwa huko na ufunguo alikuwa nao Baltazar. Alikuta kwaya mazoezini. Siku ya kwanza walimnunia, siku ya pili wakaanza kusaidia. Skrini ikiwaka bila waya kuguswa, kwaya nzima inasema, "Nzuri." Ikibaki giza, besi wanatangulia, "Mbayaaa," na Skolastika wa sauti ya pili anaandika kwenye daftari la mahudhurio.

"Dada Robi, mpaka jubilei tutakuwa tunajua nyimbo mbili tu," Skolastika alimwambia. "Nzuri na Mbaya."

"Angalau hizo mnaanzaga pamoja."

Baada ya jaribio la kumi mtuhumiwa akajulikana. Robi akamwandikia aliyeleta badiliko hilo, kwa kiburi kidogo. Jamaa akajibu kwa upole uliochoma kuliko matusi: badiliko lake lilihusu taa ya kibodi. Kwenye skrini halifiki, hata likipewa nauli.

Ilikuwa Ijumaa, jubilei Jumapili. Robi akakaa kwenye benchi la kwaya na lile daftari. Mpaka jaribio la sita, nzuri na mbaya zilichanganyika. La saba, nzuri. La nane, mbaya. La tisa, mbaya. La kumi, mbaya. Kama la saba lilidanganya, yote yaliyofuata yalitafuta upande usio wake. Ni kama kuambiwa zizi hili halina mwizi, kumbe kuna mtu aliamka alfajiri akafunga geti.

"Jioni ya jaribio la saba nilitoka nje kupokea simu," alisema taratibu. "Nani alikuwa karibu na waya?"

Kwaya ikamwangalia katekista. Katekista akaangalia dari.

"Iligoma," alisema Baltazar. "Na wewe ulikuwa umesema hujala tangu asubuhi, mwanangu. Nikachomoa waya kidogo, nikarudisha."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Katekista."

"Nilitaka ufurahi tu."

"Si wewe unayesema vitabu havizimagi?"

"Na havizimi. Lakini kitabu hakinunagi kama wewe."

Kwaya ikacheka mpaka daftari likaanguka. Mtu aliyezoea kuwaandaa wenzake kwa kitubio alikuwa amesimama mbele ya fundi kompyuta, mikono nyuma, akingoja aambiwe asali Salamu Maria ngapi.

"Kesho saa mbili asubuhi uje na ufunguo," Robi alimwambia. "Mikono uiache mfukoni."

Jumamosi wakarudia kuanzia la saba. Safari hii mwizi akapatikana kweli. Ni badiliko lililoitia draiva haraka. Kompyuta ilikuwa inaiuliza skrini, wewe ni nani, una ukubwa gani, na skrini ile, nzito kuamka, ilikuwa bado haijajibu. Draiva ikaona hakuna mtu, ikaondoka zake. Mwenye badiliko alikubali kosa, akatuma rekebisho siku hiyohiyo: jibu lisipokuja, ngoja kidogo, uliza tena. Robi alilipachika dukani, lakini jioni kigangoni hakukuwa na umeme. Halikujaribiwa.

Jumapili watu walijaa mpaka nje. Robi akamwachia Baltazar awashe, asije mtu akasema fundi ana ujanja wake. Katekista akawasha kompyuta, akawasha skrini.

Giza. Wageni wakakohoa. Mzee mmoja wa halmashauri akaanza kuipima skrini kwa macho, kama anayepanga nani atashika upande upi. Mkono wa Baltazar ukatoka mfukoni, ukaanza kuelekea kwenye waya. Robi akaudaka.

"Acha," alinong'ona. "Ndiyo inauliza mara ya pili."

Ubeti wa kwanza ukatokea, herufi kubwa nyeupe. Kwaya ikaanza, yule mzee akakaa, na Baltazar, ambaye wimbo ule aliujua bila kitabu tangu ujana wake, akausoma ukutani neno kwa neno.