Leonsi wa Mwimbi Anaomba Ufunguo

Asubuhi ya leo nipo bombani na ndoo yangu, na bomba limekauka. Shangazi Fortunata anatoa simu, anaandika ujumbe mfupi: bomba la hapa bovu.

"Scola ataona," anasema, anarudi zake nyumbani.

Scola anaona. Napita kwake na ndoo yangu tupu; yupo chumba cha nyuma ya duka la mama yake, hapa hapa Sumbawanga, kajifunika kitenge mabegani kwa baridi. Kwenye kompyuta yake alama ya bomba letu imeshageuka nyekundu, na fundi wa maji amepata taarifa.

Programu hiyo kaiandika mwenyewe. Vijiji zaidi ya arobaini vinaitumia, mpaka Muze kule bondeni. Halipwi. Mchana anatengeneza simu na kompyuta za watu ndiyo anakula. Ya maji anaifanya akipata nafasi.

Programu ameiacha wazi. Mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuisoma na kuleta marekebisho. Ila wa kuyakubali ni mwenye ufunguo, yaani neno la siri, na analo yeye peke yake.

"Nimechoka," anasema. "Kuna siku natamani niizime."

Katika uchovu huo ndipo alipotokea Leonsi. Hawajawahi kuonana. Anasema ni mtoto wa Mwimbi, mkoani kwetu huku, ila anaishi nje ya nchi. Tangu mwaka jana analeta marekebisho, tena mazuri. Juzi akaandika: "Dada pumzika. Nipe ufunguo nikusaidie."

Siku hiyohiyo watu wawili, majina mapya kabisa, wakaanza kumsema Scola hadharani kwenye ukurasa wa programu. Anachelewesha kazi, ampe Leonsi ufunguo.

"Walijuaje?" Scola anauliza. "Aliniandikia mimi tu."

Mama yake, Anjela, anacheka mlangoni. "Huyu anashuku kila mwanaume. Hata asiye na sura!"

"Mama, mwaka mzima hajanisalimia hata mara moja. Mtoto wa Mwimbi gani huyo?"

Mwenye ufunguo anaona namba za simu za wote wanaotuma taarifa, na bomba ambalo kila mmoja anatumia. Mzee Shigela, mfugaji wa Muze, aliogopa wezi, maana ng'ombe wake wanakunywa palepale bombani; alibembelezwa sana mpaka akakubali kutoa namba yake. Scola anampigia, anaweka sauti ya nje.

"Shikamoo baba. Kuna mwenzangu anataka nimpe ufunguo wa programu ya maji."

"Marahaba. Wewe binti, duka la mama yako nalijua. Huyo mwenzio kwao wapi?"

"Anasema Mwimbi."

"Anasema! Hata mwizi wa ng'ombe anasema anatafuta ndama wake. Ukimpa, namba yangu futa."

Simu inakatika. Scola anaiweka mezani. Akimkataa mtu mwema, anabaki na kazi yote peke yake.

"Ninachotaka ni vijana wawili wa hapa," anasema. "Ninaowajua kwao. Niwafundishe, tugawane ufunguo."

Halafu anamwandikia Leonsi, kumpima. Huku kwetu nyasi hufukiwa kwenye matuta ya mviringo, ntumba, zioze ziwe mbolea. Hakuna mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kushikishwa jembe siku hizo.

"Habari za huko, Leonsi. Kwenu Mwimbi nyasi za ntumba mlifukia lini, mvua zikianza au zikielekea kuisha? Na juu yake mlipanda nini kwanza?"

Leonsi huwa anajibu kabla Scola hajaweka simu mezani. Leo alama za ujumbe zinageuka bluu. Amesoma.

Mchana bomba letu linarudi kijani kwenye ramani ya kompyuta. Scola haliangalii, anaangalia simu.

"Labda hana bando," anasema mama yake.

"Huyo? Hajawahi kukosa."

Jioni naaga. Ujumbe upo vilevile, bluu, na chini yake hakuna kitu.