Mlango wa Inchi, Fremu ya Sentimita

Mume wangu alijifunza useremala kwa mafundi wa misheni kule Tororo, akarudi Busia na rula ya sentimita. Baba yake, fundi wa zamani, alipima kwa inchi na hakutaka kusikia lingine. Nyumba yetu mimi na mume waliijenga pamoja. Mume akatengeneza fremu, mzee akatengeneza mlango, kila mtu na rula yake.

"Futi ni sentimita thelathini," mume alisema. "Kwani shida iko wapi?"

Mimi shule sikukaa. Lakini nilikuwa nafagia karakana yao, na siku moja nililaza rula zile mbili pamoja. Futi ilizidi thelathini. Kidogo tu. Nikanyamaza. Mke aliyekuja juzi atamfundisha nani?

Siku ya mlango nilikuwa ndani nasiriba sakafu. Mlango ulishafungwa bawaba, na mzee akaingia kuujaribu. Kwetu mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, kwa hiyo niliinuka nitoke. Sikuwahi. Alishaanza kuupigilia nyundo, anautukana: "Ingia, mbwa wewe!" Ukaingia, udongo ukapasuka kando ya fremu. Kutoka ukakataa.

Dirisha lilikuwa na vyuma. Niligeukia kona, nguo usoni, nikisikia mzee anavyohema. Mama mkwe alikuwa njiani kutoka sokoni. Angenikuta humo, ningerudishwa kwetu.

"Baba, vuta!" mume akaita kutoka nje.

"Nivute nini? Fremu yako ya kuku hii!"

"Mlango wako wa ng'ombe!"

Majirani wakacheka. Wale wawili wakaendelea kugombana, na mimi niko kwenye kona.

Kusema naye pia ni mwiko, basi nikasema na ukuta. "Wewe ukuta, mwambie mzee futi inazidi. Mlango umezidi karibu kidole kizima. Hata wavute mpaka jioni hautatoka. Afungue bawaba."

Halafu mzee naye akauambia ukuta, "Bisibisi iko wapi?"

"Ukuta, iko karibu na mguu wake."

Mlango ulitoka mama mkwe akiwa ndio kwanza anaingia uani. Alituona tukitoka chumba kimoja, akaitisha jogoo. Jogoo alichinjwa kusafisha nyumba kwa mwiko uliovunjwa, nikabaki.

Mzee alikataa kupunguza mlango. Mume alikataa kupanua fremu. Misimu miwili ya mvua nililala nyuma ya gunia lililotundikwa mlangoni, na kila asubuhi mzee alisimama nje: "Ukuta, mwambie mwanangu apanue."

Nami nilimwambia mume. Kisha nikarudisha jibu: "Ukuta, mwambie mzee apunguze."